Metilesheni ya DNA na ukali wa saratani ya ngozi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu aliyekatwa kinyama, yaani kipande kidogo cha nyama cha kupimwa maabara, akapewa majibu, akaingia mtandaoni usiku kutafuta maana yake na kujikuta anasoma habari za metilesheni bila kuelewa zinamhusu au hazimhusu. Ni wa ndugu anayemuuguza pia. Haujibu swali la mgonjwa mmoja mmoja. Hilo libaki kati yako na daktari wako aliyekushika kidonda.

Metilesheni ni nini?

DNA imeandikwa kwa herufi nne: A, T, C na G. Metili ni kikundi kidogo mno cha kemikali, kaboni moja na haidrojeni tatu, kinachopachikwa juu ya herufi C, hasa pale C inapofuatwa na G. DNA ya binadamu ina sehemu za namna hiyo milioni 28 hivi, na asilimia 70 hadi 80 kati yake huwa na metili wakati wote. Herufi yenyewe haibadiliki. Aliyepita chuo cha Kurani atakumbuka sukuni: herufi ipo palepale, ila alama iliyokaa juu yake imeinyima irabu. Metili zikijazana mwanzoni mwa jeni, pale seli inapoanzia kuisoma, jeni hiyo hunyamaza.

Kazi hii ina wenyewe. Vimeng'enya viwili, DNMT3A na DNMT3B, huweka metili mpya. DNMT1 hunakili metili zilizopo kila seli inapogawanyika, na ni sababu mojawapo ya seli ya ngozi kuzaa ngozi badala ya kuzaa ini. Kundi jingine, TET, huanza kuziondoa kwa kuigeuza metili kuwa hidroksimetili. Shika hilo jina la TET, tutalihitaji huko chini.

Kwa hiyo metilesheni ni kitu kibaya?

La. Bila hiyo mimba isingekua. Wanawake wana kromosomu X mbili, na moja hunyamazishwa katika kila seli kwa msaada wa metili hizihizi. Ubaya unaanza alama zinapowekwa pasipostahili au zinapofutika panapostahili.

Tofauti yake na mabadiliko ya jeni ninayoyasikia kila siku ni ipi?

Mabadiliko ya jeni ni herufi kubadilika, kukatika au kupotea kabisa, na hapo hakuna kurudi nyuma. Metili inaweza kuwekwa na inaweza kuondolewa.

Mfano mzuri ni jeni ya CDKN2A, ambayo hutengeneza protini ya p16. Kazi ya p16 ni kuizuia seli isigawanyike ovyo. Katika melanoma, yaani saratani ya seli zinazotengeneza rangi ya ngozi, jeni hii hupotezwa kwa njia tatu: kipande chake chote kinakatika, herufi zake zinaharibika, au mwanzo wake unajazwa metili mpaka inanyamaza. Ukiangalia herufi peke yake, mgonjwa wa njia ya tatu ataonekana jeni yake ni nzima, wakati p16 haitengenezwi. Hii ni sababu mojawapo ya watafiti kushughulika na metilesheni.

Nimeambiwa uvimbe wangu "ni mkali". Ukali unapimwaje?

Inategemea ni saratani gani ya ngozi, maana ziko nyingi na tabia zao hazifanani.

Kwa melanoma, kitu cha kwanza ni kina. Mwaka 1970 Alexander Breslow, daktari wa patholojia wa Marekani, alionyesha kwamba milimita ambazo uvimbe umezama ndani ya ngozi zinatabiri mustakabali wa mgonjwa. Mpaka leo ripoti ya melanoma isiyo na namba hiyo ni ripoti pungufu. Isiyozidi milimita 1 iko kundi la T1. Inayozidi 4 iko T4. Halafu huangaliwa kama ngozi ya juu imechimbika kidonda, na kama seli zimefika kwenye mitoki.

Kwa saratani ya seli bapa, zile za tabaka la juu la ngozi, dalili za ukali ni uvimbe kufikia sentimita 2 au kuzidi, seli kupoteza kabisa sura ya seli za ngozi, uvimbe kufuata mishipa ya fahamu, na kupenya mafuta yaliyo chini ya ngozi. Ikiota kwenye mdomo, sikio au juu ya kovu la zamani, huogopwa zaidi. Saratani ya seli za msingi, zilizo chini kabisa ya tabaka hilo la juu, husambaa kwa nadra sana, ingawa ukiiachia itakula pua yote.

Sasa, wagonjwa wawili wanaweza kuwa na melanoma ya kina kilekile, mmoja akapona kwa kisu tu na mwingine uvimbe ukatokea kwenye mapafu baada ya miaka mitatu. Hapo ndipo swali la metilesheni linapoingia.

Metilesheni hubadilikaje uvimbe unapokuwa mkali?

Hubadilika kwa namna tatu kwa wakati mmoja, na hilo ndilo linalowachanganya wengi.

Ya kwanza ni upungufu wa jumla. Mwaka 1983 Andrew Feinberg na Bert Vogelstein wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walilinganisha seli za saratani na seli nzima za mgonjwa yuleyule, wakakuta metili zimepungua upande wa saratani. Metili zikipukutika kwenye maeneo marefu ya DNA, kromosomu huwa rahisi kuvunjika, na vipande vya DNA vilivyokuwa vimelala huanza kuamka.

Ya pili ni kinyume chake: wakati metili zinapungua kwa jumla, zinarundikana kwenye mwanzo wa jeni fulani fulani. Katika melanoma jeni zilizochunguzwa sana ni RASSF1A, PTEN, RARB na MGMT, pamoja na hiyo CDKN2A. RASSF1A imekutwa imenyamazishwa mara nyingi zaidi kwenye uvimbe uliokwisha kusambaa kuliko kwenye uvimbe wa mwanzo, jambo linaloashiria kwamba kunyamaza kwake kunakwenda sambamba na safari ya ugonjwa. PTEN nayo, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, wagonjwa waliokutwa imewekewa metili waliishi muda mfupi kuliko wenzao. Baadhi ya uvimbe huwa na jeni nyingi zilizojazwa metili kwa pamoja. Mwaka 2009 kundi hilo lilihusishwa na melanoma inayosonga mbele haraka.

Ya tatu ndiyo ninayoiona ya kuvutia kuliko zote. Mwaka 2012 kikundi cha watafiti wa Boston kilipaka kemikali ya kuonyesha hidroksimetili kwenye vipande vya baka la kawaida, doa la ngozi lisilo saratani, na vipande vya melanoma. Kwenye baka, viini vya seli vilishika rangi sawasawa. Kwenye melanoma vilikuwa hafifu, vingine vyeupe kabisa, na kadiri ugonjwa ulivyokuwa umeendelea ndivyo rangi ilivyozidi kutoweka. Ukikaa kwenye hadubini na kuona baka na melanoma vimelala bega kwa bega kwenye kioo kimoja, huhitaji hesabu kuona tofauti. Maana yake ni kwamba TET wameacha kazi: metili hazigeuzwi tena.

Je, metili ndizo zinazoleta ukali, au ni alama tu kwamba ukali upo?

Swali hili lina haki ya kuulizwa, na makala nyingi za afya hulikwepa. Uwiano si chanzo. Nywele nyeupe huandamana na uzee lakini ukizipaka piko hutarudi ujanani.

Ushahidi wenye nguvu ni ule wa kurekebisha kitu na kutazama kinachofuata. Hao wa Boston walirudisha TET2 inayofanya kazi kwenye seli za melanoma, na kwa njia nyingine wakarudisha IDH2, kimeng'enya kinachotengeneza kitu ambacho TET wanakihitaji ili wafanye kazi. Hidroksimetili zilirudi, na uvimbe katika wanyama wa maabara ukakua polepole zaidi. Kwa hiyo angalau sehemu ya mabadiliko haya inasukuma ugonjwa. Sehemu nyingine, pengine kubwa, ni abiria tu. Mtu anayekuambia kila metili kwenye uvimbe wako ina maana ana kitu cha kukuuzia.

Jua linahusika vipi?

Mionzi ya jua huharibu herufi moja kwa moja. Hilo lilijulikana zamani. Mwaka 2015 watafiti walilinganisha ngozi isiyo na saratani ya watu walewale: ya ndani ya mkono juu ya kiwiko, isiyoona jua, na ile ya nje ya mkono au ya pembeni mwa jicho. Kwa wazee, ngozi iliyopigwa jua ilikuwa na maeneo mapana yaliyopoteza metili, na maeneo hayo yalifanana na yale yanayopoteza metili kwenye saratani. Ngozi ilikuwa bado nzima kwa macho.

Mwaka 2018 watafiti wa Heidelberg, Ujerumani, walionyesha kitu cha aina hiyo kwa yale magamba magumu ya jua yanayotokea usoni na kwenye upara: metilesheni yake tayari ilifanana sana na ya saratani ya seli bapa. Waliona pia kwamba magamba hayo na saratani yenyewe hugawanyika makundi mawili, kulingana na aina ya seli ambayo ugonjwa ulianzia.

Mimi ni mweusi. Hii inanihusu?

Inakuhusu, ila si kwa namna iliyoandikwa kwenye vitabu vingi.

Melanoma kwa watu weusi ni nadra, lakini ikitokea hupenda unyayo, kiganja na chini ya ukucha, sehemu ambazo jua si mhusika mkuu. Bob Marley alifariki mwaka 1981 akiwa na miaka 36 kwa melanoma iliyoanzia kwenye kidole cha mguu. Watu huchelewa kwa sababu doa jeusi chini ya ukucha hudhaniwa ni damu iliyovilia baada ya kujikwaa. Damu iliyovilia husogea mbele pamoja na ukucha unavyokua. Doa ambalo halisogei, linalopanuka, au linalomwaga weusi kwenye ngozi ya pembeni ya ukucha, lipelekwe hospitali.

Kuhusu metilesheni, nitasema bila kuzunguka: takwimu nyingi zimetoka kwa wazungu. Mradi mkubwa wa Marekani wa kuchora ramani ya jeni za saratani ulichapisha melanoma 333 mwaka 2015, na wagonjwa walikuwa karibu wote weupe, uvimbe mwingi ukiwa wa ngozi iliyoota jua. Nusu hivi ya uvimbe huo ulikuwa na mabadiliko kwenye jeni ya BRAF. Melanoma ya unyayo ina sura tofauti: alama za jua ni chache, kromosomu zimevurugika zaidi, na mara nyingine jeni ya KIT ndiyo iliyobadilika. Kipimo cha ukali kilichotengenezwa kwa ngozi ya Texas hakiwezi kuhamishiwa tu kwenye unyayo wa mkulima wa Iringa mpaka kijaribiwe huko.

Na watu wenye ualbino?

Kwao hatari kubwa ni saratani ya seli bapa ya kichwa, uso na shingo; melanoma ni nadra. Ngozi isiyo na melanini hupigwa na jua tangu utotoni, na mabadiliko niliyoyataja hapo juu kwa wazee wenye ngozi nyeupe yana kila sababu ya kuanza mapema sana. Lakini hapa sayansi ya metilesheni haina jipya la kukupa linaloshinda kofia pana, mikono mirefu na losheni ya jua. Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, hutengenezwa losheni iitwayo Kilisun iliyoandaliwa mahsusi kwa watu wenye ualbino, na kliniki za ngozi hukagua na kuondoa magamba kabla hayajageuka. Gamba likitolewa leo, hakuna haja ya kujua metili zake zilikaaje.

Nina kidonda ndugu cha miaka mingi mguuni. Kinaweza kugeuka saratani?

Kinaweza. Kovu la moto na kidonda kisichofunga kwa miaka huweza kuzaa saratani ya seli bapa, nayo husambaa kwa urahisi zaidi kuliko ile ya kawaida ya jua. Kidonda kikianza kuinua kingo, kutoa nyama kama koliflawa, kunuka kuliko zamani au kuvuja damu kikiguswa, kikatwe kinyama cha kupima pembeni, si katikati palipooza. Kukifunga dawa mpya kila wiki bila kukipima ni kupoteza muda ambao mgonjwa hana.

Mkorogo je?

Dawa za kujichubua huondoa melanini, na zile zenye steroidi hudhoofisha pia kinga ya ngozi. Madaktari wa Afrika Magharibi wameripoti saratani za seli bapa kwa wanawake waliojichubua kwa miaka mingi, hasa sehemu za shingo na uso zinazopigwa jua. Acha.

Arseniki?

Hili huulizwa na watu wa maeneo ya migodi, na lina uhusiano wa moja kwa moja na mada. Ini huiondoa arseniki kwa kuibandika metili, kutoka kwenye akiba ileile inayotumika kwenye DNA. Huko Bangladesh, ambako visima vingi vina arseniki ya asili, watu hupata kwanza madoa na ngozi kukakamaa viganjani, kisha saratani ya ngozi baada ya miaka. Maji ya kisima yapimwe. Kuyachemsha hakuiondoi arseniki.

Kipimo cha metilesheni hufanywaje?

Kinyama kilichokatwa hutiwa kwenye fomalini, kisha hugandishwa ndani ya nta. Mtaalamu hukata utepe wa mikroni chache, daktari wa patholojia huzungushia kalamu sehemu yenye uvimbe mwingi, na DNA hutolewa hapo. Kisha huja hatua yenye ujanja wote: DNA huloweshwa kwenye kemikali iitwayo bisalfaiti. Kila C isiyo na metili hugeuka na baadaye kusomwa kama T. Yenye metili hustahimili, hubaki C. Kwa hiyo ukisoma herufi baada ya hapo, C iliyobaki inakuambia metili ilikuwepo. Unaweza kusoma jeni moja kwa PCR, njia ya kuzidisha nakala za kipande cha DNA, au kutumia kioo chenye vichunguzi kinachosoma sehemu zaidi ya 850,000 kwa mpigo.

Tatizo lake ni kwamba kinyama si seli za saratani tupu. Kina damu, kina ngozi nzima, kina chembe za kinga zilizokuja kupigana, na kila moja ina metilesheni yake. Uvimbe wenye chembe nyingi za kinga ndani yake unaweza kutoa namba "nzuri" kwa sababu hiyo tu.

Nidai kipimo hiki hospitalini kwangu?

Usidai. Mfumo wa kupanga hatua za melanoma unaotumika duniani, toleo la nane la AJCC, kamati ya saratani ya Marekani, hauna kipimo cha metilesheni ndani yake. Dai kwanza ripoti yenye kina kwa milimita, kama kuna kidonda juu yake, na kama kingo za nyama iliyotolewa ni safi. Kama una pesa za ziada baada ya hapo, zitumie kwa kupima mitoki na, ikiwa melanoma imesambaa, kupima BRAF, maana majibu yake hubadilisha dawa.

Kwenye uvimbe wa ubongo mambo ni tofauti. Huko metilesheni ya jeni ya MGMT husaidia kutabiri kama dawa ya temozolomide itafanya kazi, na wengi hudhani melanoma ni vivyo hivyo kwa kuwa dawa hiyo imewahi kutumika. Matokeo ya melanoma yamekuwa yakipingana.

Inaweza kupimwa kwa damu?

Vipande vya DNA ya uvimbe huelea kwenye damu, na metili zake zinaonekana. Tangu miaka ya 2000 watafiti wamepata RASSF1A yenye metili kwenye damu ya wagonjwa wa melanoma iliyosambaa. Kwa melanoma ndogo iliyo juu ya ngozi vipande ni vichache mno, na jicho la daktari linaiona kabla ya damu.

Kama metili inaondoleka, kwa nini tusipewe dawa ya kuiondoa?

Dawa zipo. Azacitidine iliidhinishwa Marekani mwaka 2004 na decitabine mwaka 2006, zote kwa ugonjwa wa uboho, si kwa saratani ya ngozi. Hujipenyeza ndani ya DNA na kumnasa DNMT asiweze kunakili alama. Shida ni kwamba hazichagui: zinaondoa metili popote, kwenye jeni uliyotaka iamke na nyingine usiyotaka, na hushusha chembe za damu.

Matumaini ya sasa yako pengine. Asilimia 8 hivi ya DNA yetu ni mabaki ya virusi vya kale, yaliyolazwa kwa metili. Mwaka 2015 ilionyeshwa kwamba dawa hizi zikiyaamsha, seli ya saratani hujiona kama imeambukizwa na kuita kinga ya mwili. Kutokana na wazo la kuisaidia kinga iuone uvimbe, madaktari wa Siena, Italia, waliwapa wagonjwa 19 wa melanoma iliyosambaa dawa ya guadecitabine, ya jamii hiyohiyo ya kuondoa metili, pamoja na ipilimumab, ambayo ni dawa ya kuifungulia kinga. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019: mchanganyiko ulivumilika, na chembe za kinga ziliongezeka ndani ya uvimbe. Wagonjwa 19 ni wachache. Ni jaribio, si tiba ya kuagiza.

Kuna vidonge na chai za "kusafisha DNA". Vinasaidia?

Havisaidii. Foliki asidi huingia kwenye utengenezaji wa metili, ni kweli, lakini hakuna kidonge kinachojua kwenda kwenye PTEN ya uvimbe wa mguuni na kuacha sehemu nyingine.

Watoto wangu watarithi metili za uvimbe huu?

Hapana. Zimo kwenye uvimbe tu, na alama nyingi hufutwa upya mwanzoni mwa mimba. Kinachorithika ni mabadiliko ya herufi, kwa mfano ya CDKN2A katika familia chache zenye melanoma kizazi baada ya kizazi, au ugonjwa wa xeroderma pigmentosum, ambao mtoto huungua na kutoka madoa kwa jua dogo. Ukiwa na ndugu wawili au watatu wenye melanoma, mwambie daktari.

Uvimbe wangu umetolewa wote. Nitunze nini kwa ajili ya baadaye?

Nakala ya ripoti ya patholojia, yenye namba ya sampuli, na jina la maabara iliyobaki na kipande cha nta. Kipande hicho kikitunzwa vizuri DNA yake inaweza kupimwa baada ya miaka. Kabla ya upasuaji, uliza pia kama nyama itawekwa kwenye fomalini ya asilimia 10 iliyosawazishwa asidi na kufikishwa maabara mapema. Iliyosahaulika dirishani wiki tatu kwenye chupa ya fomalini kali bado huweza kusomwa kwa hadubini, lakini DNA yake huwa imekatikakatika na hakuna kipimo cha metilesheni kitakachoifufua.